Uchunguzi wa ukinzani wa waya: mstari wa grafu yetu haupiti kwenye sifuri, tumekosea wapi?

Mchunguzi wa Kidato cha Tatu

Walimu na wakubwa zangu nyote, shikamooni. Wenzangu, habari za jioni.

Ninasoma Kidato cha Tatu katika shule ya kata hapa Tanzania. Muhula huu mwalimu wetu wa fizikia ametutaka tupange uchunguzi wetu wenyewe, badala ya kufuata hatua zilizokwisha kuandikwa na mtu mwingine, na kikundi chetu cha watu wanne kimechagua swali linalohusu umeme: ukinzani wa waya, yaani jinsi unavyouzuia umeme kupita, hubadilikaje urefu wake unapobadilika? Taarifa ya mwisho tutaiandika kwa Kiingereza kama masomo yetu yalivyo, lakini nimekwisha kuona kwamba jambo nisiloweza kulieleza kwa Kiswahili huwa bado sijalielewa, ndiyo maana nimelileta hapa kwanza.

Tumepewa waya wa konstantani (mchanganyiko wa shaba na nikeli) namba 28, ambao kibao chake kimeandikwa kipenyo cha milimita 0.376, rula ya mita moja, betri kavu kubwa mbili tulizoziunganisha kwa mfuatano, ammita ya mshale inayofika ampea 1, voltimita ya mshale inayofika volti 3, yenye mistari ya kila volti 0.1, swichi, na nyaya za kuunganishia zenye vibanio vya meno. Waya tumeulaza juu ya rula na kuubana kwa gundi ya karatasi.

Mara ya kwanza tulifanya bila reostati, yaani kifaa cha kuongeza au kupunguza mkondo. Tulipofika sentimita 20 mshale wa ammita ulikimbilia mwisho ukagota hapo, na mwenzetu aliyegusa waya aliondoa kidole haraka. Tulizima, tukaenda kumweleza mwalimu, naye akatupa reostati bila kutueleza mengi. Mara ya pili tuliitumia kuushikilia mkondo kwenye ampea 0.40 kwa kila urefu. Voltimita ilisoma volti 0.45 kwa sentimita 20, volti 0.80 kwa sentimita 40, volti 1.20 kwa sentimita 60, volti 1.50 kwa sentimita 80 na volti 1.85 kwa mita nzima. Tulipogawanya kila volteji kwa mkondo tulipata ukinzani wa ohmu 1.13, 2.00, 3.00, 3.75 na 4.63.

Nukta zimejipanga kwenye mstari ulionyooka, isipokuwa ile ya sentimita 60 iliyopanda kidogo. Lakini mstari huo tukiurefusha kurudi nyuma haufiki kwenye sifuri; unaukata mhimili wa wima kwenye karibu ohmu 0.27. Waya usio na urefu wowote unawezaje kuwa na ukinzani? Mwenzetu mmoja anataka tuulazimishe mstari uanzie kwenye sifuri, kwa kuwa kitabu kinasema ukinzani huenda sawia na urefu. Mimi moyo unakataa, ila sina hoja ya kumjibu. Naomba mnisaidie kujua chanzo cha tofauti hiyo, na pia tuandike nini kwenye mpango wetu ili jaribio la tatu liwe la uhakika.

PCM Kidato cha Sita

Mdogo wangu, nadhani ni joto. Mkondo ukipita kwenye waya, waya hupata moto, na metali ikipata moto ukinzani wake huongezeka, kwa hiyo vipimo vyote vimepanda juu kidogo kuliko vilivyostahili. Zimeni swichi kati ya kipimo na kipimo, mwache waya upoe, halafu mpime tena.

Betri kavu nazo huchoka upesi, na huenda zimechangia. Kama kuna mtu mwenye gari karibu na shule, betri ya gari haitashuka nguvu mkiitumia mchana kutwa.

Fundi Mota

Naomba niingilie hapo kwenye betri ya gari kabla mtu hajaenda kuiazima.

Mimi nafunga mota na kutengeneza pampu za maji, na nimeshika betri za gari kwa miaka mingi. Ubaya wake uko katika sifa hiyohiyo mnayoitamani, kwamba haishuki nguvu. Betri kavu mbili zilizotumika zina ukinzani wake wa ndani ambao hauuachi mkondo ukimbie sana. Ndio uliowaokoa siku ile mliyofanya bila reostati. Betri ya gari ya volti 12 haina kizuizi hicho cha maana. Sentimita 20 za waya wenu hazifiki hata ohmu moja, kwa hiyo mkondo utakaribia ampea 14, na nguvu itakayomwagika kwenye kipande hicho kifupi itazidi wati 160. Waya utawaka mwekundu, gundi ya karatasi itashika moto, rula ya mbao itaungua, na kibanio kikiteleza kikagusana na mwenzake kitayeyuka mkononi mwa mtoto. Msiitumie. Soketi ya ukutani yenye volti 230 sitaki hata kuizungumzia.

Kuna jambo la pili. Mtu anaweza kuwaambia mje kwa fundi kama mimi mpate waya wa shaba wa kufungia mota, kwa sababu vipande vyake hutupwa. Mkija nitawapa, lakini kwa uchunguzi huu hautawafaa. Shaba hupitisha umeme vizuri mno: mita moja ya shaba yenye unene kama wa waya wenu haifikii ohmu 0.16, na ingewalazimu mnyooshe karibu mita 29 ili mpate ukinzani mnaoupata kwenye mita moja ya konstantani. Tena waya huo umepakwa vanishi, na msipoikwangua mtadhani umekatika. Koili ya nikromu ya jiko la umeme lililokufa ingefaa zaidi, mradi muinyooshe taratibu bila kuivuta ikakonda, na muisugue kwa msasa, kwa sababu koili iliyokwisha kupikia huwa na ngozi nyeusi inayozuia umeme kuingia vizuri.

Na hapo ndipo ninapokuja kwenye swali lenu. Vibanio vyenu vina hali gani? Katika kazi yangu, pampu ikigoma, mara nyingi mota ni nzima na tatizo liko kwenye kiungo. Unafungua boksi la swichi unakuta skrubu moja imelegea nusu mzunguko tu, na plastiki ya waya iliyoizunguka imegeuka rangi ya chai, kwa sababu pale ndipo umeme ulipokuwa ukipata shida ya kupita. Kwa macho kiungo kinaonekana kimefungwa. Chukueni msasa laini mpitishe kati ya meno ya kila kibanio mpaka yang'ae, sugueni na waya pale mnapobana, na mkifunga nyuzi za waya chini ya skrubu zisokoteni kwanza kuelekea upande ule skrubu inakokazwa, zisije zikatawanyika.

Msimamizi wa Maabara

Nimefurahi kuona mwanafunzi ameleta vipimo vyake vyote, hata ile nukta ya sentimita 60 ambayo wengine wangeificha. Kwa sababu ameleta namba, tunaweza kuzihoji.

Anzeni na hesabu ambayo ilipasa ifanyike kabla ya kuunganisha waya wowote. Waya wa kipenyo cha milimita 0.376 una eneo la mkato la milimita mraba 0.111. Ukinzani mahususi wa konstantani, yaani ule unaotokana na aina ya metali bila kujali umbo lake, ni takriban 4.9 × 10⁻⁷ ohmu-mita. Ukiugawanya kwa eneo hilo unapata ohmu 4.4 kwa kila mita. Sasa tazameni mteremko wa grafu yenu: ni ohmu 4.38 kwa mita. Waya wenu umewaambia ukweli. Mstari mzima ni sahihi kwa ulalo wake, ila umenyanyuliwa kutoka chini kwa kiasi kilekile kwenye kila nukta. Kwa hiyo tunatafuta kitu kinachoongeza karibu ohmu 0.27 bila kujali kama waya ni mrefu au mfupi.

Joto haliwezi kufanya hivyo. Ndugu yetu wa Kidato cha Sita amesema kweli kuhusu metali nyingi: shaba huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Lakini konstantani ilibuniwa kwa ajili ya kutobadilika, na jina lake linatokana na sifa hiyo. Badiliko lake kwa nyuzi moja ni dogo mara mia moja hivi kuliko la shaba. Zaidi ya hapo, mliposhikilia mkondo kwenye ampea 0.40, kila sentimita ya waya ilipata joto lilelile, iwe ndani ya kipande kirefu au kifupi. Joto la namna hiyo, hata lingekuwa na athari, lingebadilisha mteremko na kuuacha mwanzo wa mstari mahali pake. Bila reostati mambo ni tofauti kabisa, maana kipande kifupi ndicho kinachobeba mkondo mkubwa na kuchemka kuliko vyote. Nadhani mwalimu wenu aliwapa reostati kwa sababu hiyo, na inafaa muieleze kwenye mpango kwa maneno yenu wenyewe.

Kosa la kupima urefu nalo tuliondoe. Ohmu 0.27 ni sawa na sentimita 6 za waya huu, na hakuna mtu anayekosea sentimita 6 kwenye rula ya mita moja. Ammita ambayo mshale wake hauanzii sifuri pia haihusiki, kwa sababu mkondo wenu ulikuwa mmoja kwa vipimo vyote, na kosa lake lingekuwa la kuzidisha au kupunguza kila ukinzani kwa uwiano uleule.

Wamebaki washukiwa wawili. Wa kwanza ni voltimita: kama mshale wake ukiwa umepumzika umesimama juu ya sifuri kwa mstari mmoja tu, yaani volti 0.1, basi volti 0.1 ukiigawanya kwa ampea 0.40 unapata ohmu 0.25, karibu sawasawa na tofauti yenu. Wa pili ni viungo na nyaya za kuunganishia, kama alivyosema Fundi. Kwenye grafu moja washukiwa hawa wanafanana kama mapacha, lakini kuna njia ya kuwatenganisha. Rudieni vipimo vyote kwa mkondo wa ampea 0.20. Ukinzani wa viungo hautajali mkondo ni kiasi gani, kwa hiyo mstari utaanzia palepale. Kosa la voltimita ni volti zilezile 0.1 zikigawanywa kwa mkondo uliopungua nusu, kwa hiyo mwanzo wa mstari utaruka hadi ohmu 0.5.

Tahadhari moja. Kwa voltimita yenu ya mshale jaribio hili litakuwa na ukungu, kwa sababu kwenye ampea 0.20 kipimo cha sentimita 20 kitakuwa volti 0.2 hivi na jicho lenu linasoma kwa hatua za 0.05. Azimeni multimita ya dijitali (kifaa kimoja kinachopima volti, ampea na ohmu), hata ya bei ndogo, muitumie kwenye upande wa volti, ambako itawapa hatua za volti 0.01. Msishawishike kuitumia upande wa ohmu na kuacha saketi yote. Multimita nyingi za kawaida hapo zina kiwango cha chini cha ohmu 200 na husoma kwa hatua za ohmu 0.1, na nyaya zake zenyewe zikigusanishwa ncha kwa ncha tayari zinaonyesha sehemu ya ohmu.

Na swali langu kwako, mwanafunzi: voltimita mliiunganisha wapi hasa? Nieleze nyaya zake mbili ziligusa nini.

Mchunguzi wa Kidato cha Tatu

Nashukuru sana, Dada Msimamizi, na Fundi pia. Nimesoma majibu yenu mara mbili na kuyapeleka kwa wenzangu.

Nyaya za voltimita zilikuwa fupi, hazikufika kwenye waya wa konstantani. Kwa hiyo tuliziingiza kwenye skrubu za reostati na za swichi, pale ambapo nyaya mbili za kuunganishia zinaanza kuelekea kwenye rula. Tulidhani ni mamoja, kwa kuwa kwenye mchoro wa saketi mstari kati ya sehemu hizo mbili ni mstari tu.

Meno ya vibanio nimeyaangalia leo. Kimoja kina kutu.

Msimamizi wa Maabara

Basi umekwisha kujijibu. Voltimita yenu ilikuwa inapima waya wa konstantani pamoja na nyaya mbili za kuunganishia, vibanio viwili, na ile sehemu ndogo ambapo kila jino linagusa waya. Hivyo vyote havibadiliki mnapobadilisha urefu.

Kwenye mchoro mstari hauna ukinzani, mezani unao. Tafuteni nyaya ndefu za voltimita, na msizibane juu ya vibanio vinavyoleta mkondo. Zigusisheni kwenye waya wa konstantani wenyewe, kwa ndani, sentimita chache kutoka kila kibanio, kisha urefu muupime kati ya ncha hizo mbili za voltimita. Voltimita hupitisha mkondo mdogo mno, kwa hiyo mguso wake hata ukiwa na ukinzani kidogo hautapoteza volti za kuonekana. Mkondo uingie na kutoka kwa njia yake, volteji isomwe kwa njia nyingine. Hata hivyo lile jaribio la ampea 0.20 msiliache, mnayo dhana, na dhana haijawa ushahidi.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Nimefundisha somo hili kwa muda mrefu na ningependa kuongeza mambo ambayo wenzangu hawajayagusa, moja la historia na mengine ya mpango wenyewe.

Mwenzenu anayetaka mstari ulazimishwe kupita kwenye sifuri kwa sababu ya kanuni ya Ohm, mwambieni kwamba Ohm mwenyewe hakufanya hivyo. Georg Simon Ohm alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari huko Köln, Ujerumani, alipofanya majaribio yake. Mwanzoni alitumia betri za wakati ule, na zilimsumbua kama zinavyowasumbua ninyi, maana nguvu yake ilikuwa ikishuka huku akisoma vipimo. Poggendorff, mwanafizikia mwenzake, akamshauri aachane nazo na atumie ugunduzi mpya wa Seebeck wa mwaka 1821: ukiunganisha metali mbili tofauti, kiungo kimoja ukakiweka kwenye joto na kingine kwenye baridi, mkondo hupita. Ohm akaunganisha shaba na bismuthi, upande mmoja akauweka kwenye maji yanayochemka na mwingine kwenye barafu, akapata chanzo kisichotetereka. Kisha akaingiza kwenye saketi, kimoja baada ya kingine, vipande vya waya wa shaba vyenye urefu tofauti, na mkondo akaupima kwa jinsi ulivyogeuza sindano ya sumaku.

Kanuni aliyoipata mwaka 1826 aliiandika hivi: X = a / (b + x). X ni nguvu ya mkondo, x ni urefu wa waya anaouchunguza, na a inategemea tofauti ya joto iliyokuwa ikiusukuma mkondo. Na b je? Hiyo b ni saketi yote iliyobaki, kila kitu ambacho mkondo ulilazimika kukipita nje ya waya ule. Hakuifuta ili hesabu ipendeze. Zile ohmu 0.27 zenu ni b yenu. Mkiulazimisha mstari kwenye sifuri, mteremko nao utapinda, na mtatoa ukinzani mahususi wa waya usio sahihi huku mkiwa mmetupa habari pekee iliyokuwa ikiwaambia kwamba kibanio kina kutu.

Sasa mpango. Kitu kimoja kibadilike, nacho ni urefu. Kimoja kipimwe, nacho ni volteji. Vingine vyote vishikiliwe, na kila kimoja mkitaje pamoja na namna mtakavyokishikilia. Wanafunzi wengi huandika "joto lisibadilike" wakaishia hapo. Andikeni: mkondo utashikiliwa kwenye ampea 0.40 kwa reostati, na swichi itafungwa kwa muda wa kusoma tu, kisha itafunguliwa.

Kuhusu kurudia vipimo, ambako nimesahihisha makosa mengi kuliko mahali pengine popote: kusoma mshale uleule mara tatu bila kugusa kitu si kurudia, ni kumuuliza mtu mmoja swali moja mara tatu. Kurudia ni kuziondoa ncha za voltimita, kuzirudisha kwenye alama ya rula upya, kurekebisha reostati upya, ndipo usome. Hapo ndipo mtakapojua kama nukta ya sentimita 60 ilipanda kwa sababu ya waya au kwa sababu ya mkono wa mtu. Na msipande kutoka 20 hadi 100 kila mara. Betri huchoka kadiri muda unavyokwenda, na urefu nao ukiongezeka kadiri muda unavyokwenda, hamtaweza kutenganisha mambo hayo mawili. Pandeni mara moja, shukeni mara moja, na mara ya tatu mpige kura ya mpangilio.

Ongezeni pia vipimo vya kati. Nukta tano ni chache kwa mstari ambao mnataka kuujua mwanzo wake; wekeni kila sentimita 10 kuanzia 20 hadi 90, kwa kuwa sasa vibanio vitachukua nafasi kwenye miisho ya rula.

Mwisho ni kipenyo. Kama mtataka kutoa ukinzani mahususi kutokana na mteremko, msiamini kibao. Pimeni kwa mikrometa, mahali pasipungue patano, na kila mahali mpime pande mbili zinazopishana kwa pembe mraba, kwa sababu waya uliokanyagwa au kupindwa hauwi mviringo kamili. Kipenyo huingia kwenye hesabu kikiwa kimezidishwa kwa chenyewe, kwa hiyo mkikosea milimita 0.01 tu, ambayo ni karibu asilimia 2.7 ya kipenyo, eneo litakosewa kwa zaidi ya asilimia 5. Hakuna kipimo kingine katika kazi yenu kitakachowagharimu kiasi hicho.

PCM Kidato cha Sita

Nimekubali kuhusu joto, na nashukuru kwa kusahihishwa. Nilikuwa nimeikariri sababu hiyo bila kuuliza waya ni wa metali gani. Ushauri wa betri ya gari naufuta kabisa.

Naomba kuuliza kwa faida ya wengine: kikundi kisicho na waya wa konstantani kinaweza kutumia maji ya chumvi kwenye bomba la plastiki, kikabadilisha umbali kati ya vipande viwili vya metali?

Msimamizi wa Maabara

Kinaweza kujaribu, lakini kwa betri kitapata taabu. Mkondo wa upande mmoja ukipita kwenye maji ya chumvi hutengeneza mapovu kwenye metali, na mapovu hayo huziba njia, kwa hiyo ukinzani unaousoma baada ya dakika moja si ule wa mwanzo. Gesi ya klorini nayo inaweza kutoka, na haifai kuvutwa. Kazi hiyo hufanywa kwa mkondo geu, yaani unaobadili mwelekeo kila mara, wa volti ndogo, na shule nyingi hazina chanzo chake. Risasi ya penseli ni afadhali, ingawa huvunjika ukiibana kwa nguvu.

Mchunguzi wa Kidato cha Tatu

Shikamooni tena. Nimerudi na matokeo, na nimechelewa kwa sababu multimita tuliiazima kwa fundi wa redio ambaye huihitaji siku za kazi, ikabidi tungoje Jumamosi.

Kwanza tuliacha kila kitu kama kilivyokuwa, kutu na yote, tukapima kwa multimita. Kwa ampea 0.40 mstari ulianzia kwenye ohmu 0.25. Kwa ampea 0.20 ulianzia kwenye ohmu 0.24. Haukuruka kwenda 0.5, kwa hiyo kosa la sifuri tumeliondoa kwa ushahidi, na mshale wa voltimita ya zamani tuliuangalia pia ukiwa umepumzika, uko kwenye sifuri. Kisha tukasugua vibanio kwa msasa bila kubadilisha kitu kingine, na mwanzo wa mstari ukashuka hadi ohmu 0.16. Wenzangu walipiga makofi, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza tumeona namba ikitii jambo tulilolifanya kwa mikono. Mwisho tukahamisha ncha za voltimita kwenye waya wenyewe kama tulivyoelekezwa, kila sentimita 10 kutoka 20 hadi 90, mara tatu kwa mipangilio mitatu. Mstari sasa unaanzia kwenye ohmu 0.02, na mteremko ni ohmu 4.41 kwa mita. Nukta ya sentimita 60 imekaa kwenye mstari.

Mwenzetu aliyetaka kulazimisha sifuri ndiye ameomba kuandika sehemu inayoeleza grafu zote tano, ya kwanza ikiwemo, na tumemkubalia.

Kilichobaki ni kipenyo. Mikrometa ya shule iko kwenye kabati lililofungwa, na mwenye ufunguo atarudi Jumatatu.